Likizo ya familia: tuondoke muhula ukiendelea, au tusubiri shule zifungwe?

Mzazi anayeniuliza swali hili huwa tayari ana tarehe kichwani. Nauli ameiona imeshuka, kazini wamempa ruhusa, na kilichobaki ni kimoja tu: shule haijafungwa. Anataka nimwambie kama siku tano, saba au kumi zitamdhuru mtoto. Ninafundisha hisabati darasa la nne na la tano, na ni mama wa watoto wawili wa umri wa shule, kwa hiyo barua ya kuomba ruhusa nimeipokea na nimewahi kuiandika.

Njia zilizopo ni tatu. Ya kwanza ni kumtoa mtoto shule katikati ya muhula. Ya pili ni kusubiri likizo. Ya tatu, ambayo wengi huisahau, ni kuchukua siku mbili tatu zinazogusana na likizo, kabla haijaanza au baada ya kwisha. Nitaziweka pamoja na kuzipima kwa masomo, sheria, pesa na hali ya mtoto mwenyewe. Masomo nitayakalia zaidi, kwa sababu ndiyo ninayoyaona kila siku na ndiyo yanayoeleweka vibaya zaidi.

Masomo

Hoja ninayoisikia kuliko zote ni hii: "Likizo ndefu ni wiki nzima nzima, na hakuna anayelalamika. Leo siku saba zina nini?"

Kwanza, likizo ndefu nayo huwasahaulisha. Kila mwalimu anajua kwamba siku za mwanzo baada ya kufungua shule huenda kwenye marudio. Ila wakati wa likizo darasa zima husimama. Wote husahau pamoja, wote hurudi pamoja, na mwalimu hurudi nyuma kwa ajili ya wote. Mtoto aliyesafiri katikati ya muhula husimama peke yake huku wenzake wakiendelea. Akirudi, darasa halirudi nyuma kumfuata.

Mwanafunzi wangu mmoja aliondoka kwa siku nane. Alituacha tukijumlisha sehemu zenye asili moja, 1/5 na 2/5, na alikuwa hodari. Alipokuwa hayupo tukaingia kwenye asili tofauti: tukakunja na kukata karatasi, tukatafuta kigawe kidogo cha shirika, tukaibadili 1/2 kuwa 3/6 na 1/3 kuwa 2/6. Alirudi tukiwa tumeshaanza kutoa. Daftari lake lilikuwa limejaa, maana mama yake alihakikisha ananakili kila kitu kutoka kwa rafiki. Kwenye jaribio akaandika 1/2 + 1/3 = 2/5. Alijumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, jambo ambalo linaonekana la busara kabisa kwa mtoto ambaye hakuwepo siku karatasi zilipokatwa. Kulinyoosha kosa hilo kulituchukua karibu wiki mbili za kukaa pamoja wakati wa mapumziko, na wakati wote huo alikuwa akijiona mjinga. Kwangu, hilo la kujiona mjinga liliniuma kuliko alama.

Kwa hiyo anayehesabu siku peke yake hajapima kitu. Siku nane hizohizo zingeangukia mada ya vipimo vya urefu, mtoto yule angeikamata kwa jioni mbili. Kuna masomo yanayojengwa kama ngazi: hisabati, kusoma na kuandika kwa wanaoanza, lugha ya kigeni katika mwaka wa kwanza. Ukiruka kipago kimoja, cha juu yake hukifikii. Mengine yamegawanyika kwa mada zinazojitegemea, kama sehemu kubwa ya jiografia, historia na sayansi ya madarasa ya chini. Huko, kukosa mada moja ni pengo, ila haliangushi zinazofuata.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wazazi wengi kuhusu umri. Wanasema mtoto wa darasa la kwanza ndiye wa kusafiri naye, kwa kuwa "bado hawafundishwi kitu." Mwaka ambao mtoto anaunganisha herufi na sauti ni mwaka ambao mazoezi ya kila siku yana thamani kubwa sana. Anayekosa siku kumi wakati wenzake wanaanza kusoma maneno mazima hurudi akabahatisha kwa kutazama picha, na kubahatisha ni tabia ngumu kuiondoa. Kwa mtoto wa umri huo inawezekana kuziba pengo, maana mzazi anaweza kusoma naye dakika kumi na tano kila siku popote walipo. Lakini asidhani pengo halipo.

Darasa la mtihani wa mwisho sina la kulinganisha. Subirini likizo.

Njia ya tatu nayo ina jambo lake. Siku za mwisho kabla ya kufunga shule mara nyingi huwa nyepesi: majaribio yameisha, vitabu vinakusanywa, tunasahihisha. Siku za kwanza baada ya kufungua ni kinyume chake. Hapo ndipo mwalimu anaweka taratibu, anapanga vikundi, anapima nani amesahau nini, na anafungua mada mpya. Mtoto anayechelewa siku tatu kurudi hukuta viti vimeshagawanywa na urafiki umeshapangika. Kama mnashonea siku kwenye likizo, zishoneeni mwanzoni, siyo mwishoni. Ulizeni kwanza kama jaribio la mwisho limeshafanyika, kwa kuwa shule hazifanani.

Siku ambazo hazimo kwenye barua

Barua husema siku tano. Ukweli huwa zaidi, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni usingizi. Kwa safari inayovuka saa nyingi, kanuni ya kawaida ni kwamba mwili huhitaji takriban siku moja kwa kila saa ya tofauti, na kurekebisha saa ya mwili baada ya kusafiri kuelekea mashariki ni kugumu zaidi. Familia iliyorudi Jumapili usiku kutoka mahali penye tofauti ya saa sita humpeleka mtoto shuleni Jumatatu akiwa mwili tu. Nimewahi kumwamsha mtoto aliyelala juu ya daftari saa nne asubuhi siku ya nne baada ya kurudi. Safari ya katikati ya muhula ya siku tano, kwa masafa hayo, huwa siku nane au tisa za masomo. Safari ya likizo ina nafasi ya kurudi mapema na kulala.

Ya pili ni jumla ya mwaka. Marekani na Uingereza mtoto anayekosa asilimia 10 ya siku za shule au zaidi huingia kwenye kundi linalohesabiwa kuwa na tatizo la utoro, hata kama kila siku ilikuwa na sababu. Marekani, ambako shule nyingi zina siku 180 kwa mwaka, hizo ni siku 18. Uingereza, penye siku 190, ni 19. Sasa chukua mtoto aliyeugua mafua mara mbili, akapata homa, akaenda kwa daktari wa meno: siku tisa zimekwenda bila mtu kuziona. Ongeza safari ya siku kumi, amefika 19. Haba na haba hujaza kibaba, na mzazi huiona safari peke yake kwa kuwa ndiyo aliyoipanga. Kabla ya kuamua, omba shuleni hesabu ya mahudhurio ya mwaka huu. Ni swali la dakika moja, na kwa wazazi wengi ndilo lililoamua.

Kuna hesabu nyingine inayonishtua kila nikiirudia. Siku kumi kwa mwaka, kila mwaka, kwa miaka 12 ya shule, ni siku 120. Hizo ni zaidi ya nusu ya mwaka mzima wa masomo. Safari moja ya muhula katika utoto ni kumbukumbu. Ikiwa desturi ya kila mwaka, ni kitu kingine kabisa.

Sheria

Hapa njia ya pili haina mpinzani, maana anayesafiri likizo haombi ruhusa kwa mtu. Kwa njia nyingine mbili, jibu linategemea mnaishi wapi, na tofauti ni kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Uingereza, kwa maana ya England, ni mfano wa ukali. Tangu Septemba 2013, mwalimu mkuu haruhusiwi kutoa ruhusa ya kukosa masomo ila kwa hali ya kipekee, na likizo ya familia kwa kawaida haihesabiwi hivyo. Tangu Agosti 2024, mtoto akikosa siku 5 bila ruhusa ndani ya wiki 10 za shule, shule lazima ifikirie kuomba faini: pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto ikilipwa ndani ya siku 21, au pauni 160 ikilipwa baada ya hapo hadi siku ya 28. Mara ya pili ndani ya miaka mitatu ni pauni 160 moja kwa moja. Mara ya tatu hakuna tena faini ya aina hiyo, na jambo linaweza kufika mahakamani. Kuna baba wa Isle of Wight aliyempeleka bintiye Florida kwa siku saba mwaka 2015, akakataa kulipa, akisema mahudhurio ya mtoto kwa ujumla yalikuwa mazuri. Alishinda mahakama za chini. Aprili 2017 Mahakama ya Juu ikaamua dhidi yake: kuhudhuria "mara kwa mara" maana yake ni kuhudhuria kwa kufuata kanuni za shule, siyo kuhudhuria siku nyingi.

Ujerumani wajibu wa kuhudhuria shule unachukuliwa kwa uzito uleule, na njia ya tatu nayo haina pa kujificha. Mwaka 2018 polisi wa Bavaria walizikuta familia kwenye uwanja wa ndege wa Memmingen zikiondoka kabla likizo haijaanza, na wakaziripoti. Watoto wenye umri wa shule katika foleni ya uwanja wa ndege siku ya masomo huonekana kwa macho.

Uholanzi wameweka utaratibu ninaoupenda kuliko yote. Ruhusa ya likizo ndani ya muhula hutolewa ikiwa kazi ya mzazi kwa asili yake haimruhusu kusafiri na familia katika likizo yoyote ya shule. Ni mara moja kwa mwaka, haizidi siku 10 za shule, na haiwezi kuwa katika wiki mbili za kwanza za mwaka wa masomo. Hata kama mnaishi mahali pasipo sheria kama hiyo, masharti hayo ni kipimo kizuri cha kujipima wenyewe nyumbani. Uswidi ni laini zaidi: mkuu wa shule anaweza kutoa ruhusa fupi kwa mambo binafsi ya familia akitazama hali ya mwanafunzi huyo.

Kwa hiyo msimuulize jirani, ulizeni shule, na mpate jibu kwa maandishi kabla ya kununua tiketi. Tiketi iliyokwisha kulipiwa huwafanya watu wazima wema waanze kusema uongo.

Pesa

Tukiwa wakweli, hii ndiyo sababu ya wengi. Shule zikifungwa, familia zote hutaka vitanda na viti vilevile, na bei hupanda. Katikati ya muhula hushuka, na kwa familia ya watu watano tofauti hiyo inaweza kuwa ndiyo safari yenyewe. Sitamwambia mzazi kwamba pesa si sababu. Kuna watoto ambao hawatasafiri kamwe na wazazi wao kama ni lazima wasubiri msimu wa bei za juu.

Lakini hesabu ifanywe yote. Palipo na faini, iwekwe ndani: kwa kanuni za Uingereza, wazazi wawili wenye watoto wawili wanadaiwa pauni 320 wakilipa mapema, na pauni 640 wakichelewa. Kama mtoto atahitaji masomo ya ziada akirudi, hayo nayo yana bei. Na kabla ya kukata tamaa na likizo, tazameni ndani yake. Likizo ndefu haina bei moja. Siku za kwanza na zile za sikukuu ndizo ghali, ilhali wiki za mwishoni mara nyingi hulegea. Kuondoka Jumanne au Jumatano badala ya Ijumaa jioni husaidia. Ujerumani majimbo 16 hupishana likizo za kiangazi, na Ufaransa imegawanywa katika kanda tatu kwa likizo za majira ya baridi na ya kuchipua, kusudi watu wasimiminike barabarani siku moja. Nendeni mahali ambapo wenyeji wao hawajafunga shule, na mtakuta likizo yenu imeangukia muhula wao.

Mtoto mwenyewe

Watoto wadogo hufurahia kuondoka wakati wowote. Wakubwa siyo lazima. Msichana wa miaka kumi na tatu anaweza kuwa na mechi, igizo, au rafiki aliyegombana naye na anayetaka kupatana naye wiki hiyohiyo. Sisi tunaona siku tano za hisabati, yeye anaona siku tano ambazo kundi lake limecheka mambo asiyoyajua. Muulizeni kabla ya kupanga, na jibu lake liwe na uzito.

Kuna watoto ambao njia ya kwanza inawafaa kweli. Mtoto mwenye usonji anayelemewa na kelele na foleni anaweza kushindwa kabisa kufurahia mahali palipofurika wakati wa likizo, na akafunguka palepale pakiwa patupu. Wapo pia watoto wa wauguzi, wanajeshi, wavuvi, na wafanyakazi wa hoteli, ambao likizo za shule ndizo siku ambazo wazazi wao hawatoki kazini. Kwa hao, "subirini likizo" maana yake ni "msisafiri pamoja." Mtoto aliyekaa wiki moja na baba ambaye kwa kawaida humwona akiwa amechoka amepata kitu ambacho mimi darasani siwezi kumpa.

Nasikia pia kwamba safari yenyewe ni shule. Ni kweli. Mtoto aliyesimama kwenye ukingo wa volkano haisahau, na jumba la makumbusho lisilo na umati humpa nafasi ya kuuliza maswali. Ila hafundishwi kugawanya huko. Ni elimu mbili tofauti, na moja hailipi deni la nyingine.

Ningechagua ipi

Kwa familia nyingi, likizo, tena zile wiki zake zilizolegea. Ikishindikana, siku mbili au tatu kabla ya kufunga, kama sheria ya mahali inaruhusu na majaribio yamekwisha. Katikati ya muhula ningeichagua ikiwa tu kazi ya mzazi haiachi nafasi nyingine, au kama tunakwenda kumwona mtu ambaye huenda hatumwoni tena. Iwe siku tano, isiwe kumi, mara moja, na mtoto awe hajakosa nyingi mwaka huo.

Mkiamua kwenda, msiseme mtoto anaumwa. Mtoto atarudi na rangi ya jua na hadithi, na mmemwachia mzigo wa kuilinda hadithi ya uongo mbele ya mwalimu anayempenda. Nimewaona wakiubeba. Hufunga mdomo wiki nzima, wakati walipaswa kuwa wanawasimulia wenzao walichokiona.

Na msimwombe mwalimu rundo la karatasi za kazi. Huchukua muda kuziandaa, na nyingi hurudi tupu. Mwulizeni swali moja tu: "Siku hizo mtakuwa mnaanza nini?" Siyo mnafanya nini, mnaanza nini. Mada inayoendelea mtoto anaweza kuidaka tena. Mada inayoanza ndiyo inayomwacha. Mwaka jana nilimuuliza mwalimu wa mwanangu wa pili swali hilo, akanijibu kwamba wiki ile wanaanza kugawanya kwa njia ndefu. Tukaisogeza safari kwa wiki mbili. Kulipia mabadiliko ya tiketi kulituuma, na mtoto alilia kidogo. Tulipoondoka alikuwa anagawanya namba za usajili za magari njia nzima hadi uwanja wa ndege, akitutangazia kila baki.